Dumu la Mama Mkwe na Giaboksi Yangu

Gia namba mbili ya pikapu yangu ilianza kugoma katika ule msimu ambao sisi watu wa Mtwara huuita baridi, yaani msimu ambao jasho linasubiri kwanza jua lichomoze ndipo litoke. Asubuhi nikitoka nyumbani Mtawanya, naivuta gia kwenda mbili, nayo inanijibu kwa sauti ya mtu anayetafuna kokoto. Majirani waliacha kuweka kengele kwenye simu zao. Jogoo wa nyumba ya pili aliona kazi yake imechukuliwa, akawa analala mpaka wakati wa chai.

Naomba msomaji aelewe gari hilo lilikuwa nani kwangu. Nabeba barafu kutoka mjini kuwapelekea wanunuzi wa samaki wa huku pwani, mpaka kule Ruvuma inakoingia baharini, na narudi na chochote kinachokubali kupakiwa: samaki, nazi, mihogo, kitanda cha maharusi, mbuzi mwenye kesi. Mke wangu ana genge la mboga, na mboga hizo nazo huja kwa gari hilo hilo. Kila tonge lililopita kooni mwa wanangu lilikuwa limepita kwanza kwenye giaboksi ile. Pikapu za wenzangu zilizokufa giaboksi nazijua zilipo. Zimeegeshwa Likombe, na kuku wanataga ndani, na mayai yenyewe si mengi.

Kwa hiyo nikaanza kuulizia oili.

Hapa duniani kuna mambo mawili ambayo kila mwanamume anayajua bila kufundishwa: namna ya kuongoza nchi na oili ya kuweka kwenye gari la mwenzake. Dereva mmoja wa lori la bandarini aliniambia niweke nzito, ile ambayo ukiimimina asubuhi inafika chini adhuhuri. Mwingine, muuza magari yaliyotumika, akanivuta pembeni na kuninong'oneza kwamba dawa ni unga wa mbao. Unauchanganya na oili, giaboksi inanyamaza kimya kama msikitini.

"Inanyamaza kwa muda gani?" nikamuuliza.

"Mpaka umeshauza."

Nikamwambia sitaki kuuza, nataka kuzeeka nalo. Aliniangalia kama niliyemwambia nataka kumposa bibi yake. Lakini ndivyo ilivyokuwa. Nilitaka gari ambalo mwanangu wa mwisho atajifunzia kuendesha, na huyo wa mwisho wakati ule alikuwa bado ananyonya.

Mimi nimemaliza kidato cha nne kwa masomo ya jioni, nikiwa tayari nina ndevu na madeni. Masomo ya jioni yana tabia yake: Jiografia inakufikia imechoka, Hisabati inakufikia ina njaa, na Fizikia inakufikia pamoja na mbu. Mada nyingi ziliingia sikio hili zikatokea lile. Msuguano ulibaki, nadhani kwa sababu mwalimu alifundisha kwa kukwaruza kiatu sakafuni, na kiatu chenyewe kilikuwa kimoja tu kizima. Alisema msuguano si adui wala rafiki. Inategemea uko wapi na unafanya nini hapo.

Nikaenda duka la vipuri na msuguano wangu kichwani. Muuzaji, baada ya kuona sina haraka ya kuondoka wala ya kulipa, aliniteremshia makopo yote mezani na kuniacha niyasome. Nilisoma migongo ya makopo yale kwa bidii ambayo, ningeipeleka kwenye mtihani, leo ningekuwa naandika haya nikiwa Dodoma. Na nilichokielewa, kwa kuuliza na kuulizwa, ni hiki. Ndani ya giaboksi ya mkono kama yangu kuna ringi za shaba. Kazi yake ni kupatanisha meno yanayozunguka kasi na yanayozunguka polepole kabla hayajaumana. Ili zipatanishe, lazima zishikane kidogo, zisuguane. Oili ikiwa nyepesi mno, meno yanalika. Ikiwa nzito mno, asubuhi ringi zinaogelea kwenye uji. Na iko oili yenye dawa kali, imeandikwa GL-5, iliyotengenezwa kwa ajili ya difu ya nyuma, ambako chuma kinakandamiza chuma kwa nguvu zote. Hiyo ukiiweka kwenye giaboksi yenye shaba, ringi zinateleza kama mtu anayemshika kambale, na dawa yake polepole inaila shaba yenyewe. Giaboksi yangu ilitaka GL-4, namba 75 kwa 90. Basi. Maneno mafupi kuliko salamu ya Mmakonde aliyekasirika.

Jambo jingine nililojifunza pale, na nalisema bila kutoza: wanaodai oili ya giaboksi haibadilishwi maisha yote wanasema kweli, ila hawasemi ni maisha ya nani.

Nikanunua kopo langu, oili yake ina rangi ya asali ya nyuki wadogo, nikaliweka chini ya kitanda. Nikapanga Jumamosi nilipeleke gari kwa fundi. Nilikuwa mtu mwenye amani.

Alhamisi akaja mama mkwe.

Alitoka kwake Kitaya, kwenye ukingo wa Ruvuma, na alikuwa amebeba mgongoni kitu kilichofungwa kwa kanga. Kwenye basi abiria walikuwa wamempisha kiti, na mama mmoja akakifunika kile kitu vizuri zaidi ili kisipigwe na upepo. Kilipofunguliwa nyumbani kwetu kilikuwa dumu la oili.

Lazima nieleze kuhusu mama mkwe na mimi. Kwetu, kabla mtu hajapewa mke, analima shamba la mama mkwe, na nililima. Lakini heshima kati ya mkwe na mkwe haiishii shambani. Simtazami usoni, hanitazami. Hatuli pamoja. Tukikutana njiani mmoja wetu anaingia kichakani, na kwa kuwa yeye ni mkubwa, miguu yangu inavijua vichaka vyote vya Kitaya. Na hatusemeshani moja kwa moja. Neno lake hunifikia kupitia mtu, langu hurudi kupitia mtu. Kwa miaka yote ya ndoa yangu naujua mgongo wake, visigino vyake na sauti yake. Polisi wakinionyesha picha ya uso wake nitasema kwa dhati kwamba simfahamu huyo mtu.

Basi alikaa ukumbini akitazama ukuta, mimi nikakaa barazani nikitazama barabara, mke wangu akasimama mlangoni katikati.

"Mwambie mume wako," akasema mama mkwe, "safari iliyopita gari lake liliposhuka kule kwetu nililisikia. Nilidhani kiboko anazaa."

"Mama anasema gari linalia," akasema mke wangu, ambaye ni mjumbe mwenye huruma.

"Mwambie nimemnunulia mafuta kwa mtu wa ng'ambo ya mto. Ya trekta. Yule mtu ameniapia kwamba trekta lililokunywa haya halikulia tena. Jumamosi mwambie ayaweke, ndipo tukachukue mpunga wangu kule, tuulete mjini niuze. Na nitakuja huko kwa fundi nilisikie likinywa."

Nililitazama lile dumu. Maandishi yalikuwa ya Kireno, lakini herufi na namba hazina kabila. GL-5. Namba 140. Nililiinamisha kidogo kuona jinsi oili inavyosogea. Haikusogea. Ilifikiria kwanza.

Sasa, zawadi ya mama mkwe haikataliwi, haigawiwi, na haiwekwi akiba. Inatumika, tena mtoaji akiwa karibu. Nilipata kusikia habari za mtu aliyepewa kuku na mama mkwe wake, akasema atamchinja sikukuu. Kuku akaishi akazeeka. Ndoa haikufika sikukuu.

Mama mkwe alipokwenda kulala nilimfuata mke wangu jikoni.

"Yale mafuta yataua giaboksi," nikamwambia. "Siyo leo. Polepole. Ndiyo mbaya zaidi."

"Weka tu. Mafuta ni mafuta."

"Mafuta ya taa nayo ni mafuta. Yaunge kwenye mchicha tuone."

Akafikiri. Ni mwanamke mwenye akili. "Basi mwambie mama."

"Mimi? Kwa mdomo upi? Mwambie wewe."

"Nimwambie mama yangu, aliyebeba dumu mgongoni kutoka Kitaya, kwamba kalibeba bure? Mimi ni mtoto wake, nilitoka kwenye mgongo huo huo. Ujumbe huo sipeleki." Akafunika sufuria. "Na Jumamosi nina genge. Mtakwenda wenyewe."

Hivyo ndivyo nilivyobaki, upande mmoja giaboksi, upande mwingine heshima, na mjumbe amejiuzulu.

Gereji yenyewe iko Likombe, chini ya mikorosho miwili iliyolelewa na moshi. Fundi wangu ni mtu wa Kanda ya Ziwa, alikuja huku na kazi ya ujenzi, kazi ikaisha, yeye akabaki. Ni mtu mkubwa, mkarimu, na ana imani moja ya kifundi: gari likilia, lipewe kitu kizito zaidi. Alipoliona dumu la mama mkwe alilipokea kwa mikono miwili.

"Hii sasa ndiyo oili, bwana! Hii ukiweka, unasahau kama una giaboksi."

"Ndicho ninachoogopa," nikamwambia.

Mama mkwe alishuka, akaomba mkeka, akakaa akitupa mgongo, uso ameuelekeza barabarani, kanga kichwani. Hakuweza kutazama, kwa kuwa mkwe wake alikuwa anaingia chini ya gari na miguu itabaki nje, na miguu ya mkwe si kitu cha kutazamwa. Lakini masikio yake yalikuwa yametegwa. Niliyaona yanavyoiinua kanga.

Mngesema, basi mimina yako, mwambie umemimina yake, mwenyewe haoni. Fundi naye, alipoliona kopo langu, alinikonyeza kuniambia hivyo hivyo, ingawa moyo wake ulikuwa kwenye dumu. Nilikataa. Mtu anayekupa mgongo kwa heshima amekukabidhi mgongo huo, na mimi nimeshaujua miaka mingi kiasi kwamba tusingeweza kutazamana tena, mimi na ule mgongo.

Tukafungua nati ya chini, oili ya zamani ikatoka ikaingia kwenye beseni. Ilikuwa nyeusi, na ndani yake kulikuwa na vumbi linalometameta kama uso wa bibi harusi. Ilikuwa shaba. Ringi zangu zilikuwa zimeanza kuondoka, chembe kwa chembe, bila kuaga. Kwenye sumaku ya nati kulikuwa na ndevu za chuma ambazo shehe yeyote angezionea wivu. Nilikaa nimechuchumaa nikiitazama ile beseni, na chakula cha wanangu kinang'aa ndani yake.

Nikaiweka chini nati. Nikapaaza sauti kiasi cha kufika mkekani, lakini macho nikamwelekezea fundi.

"Fundi, mwambie mama kwamba nashukuru sana kwa dumu."

Fundi akageuka. Mama mkwe alikuwa umbali wa kutema mate. "Si huyo hapo?"

"Mwambie."

"Mama, anasema anashukuru."

"Mwambie asishukuru, amimine," mama mkwe akaiambia barabara.

"Anasema umimine."

"Nimesikia."

"Sasa kama umesikia, mimi nafanya kazi gani hapa katikati?"

"Wewe ndiyo heshima yenyewe."

"Mimi nilidhani ni fundi," akasema, lakini akavuta tairi akakalia katikati yetu, na kuanzia hapo nadhani alianza kuifurahia kazi.

"Mwambie mama," nikasema, "kwamba mafuta yake ni mazuri sana, ila kwa mahali hapa yana ukali uliozidi."

"Mama, anasema mafuta yako mabaya."

"Sikusema mabaya!"

"Nimefupisha."

Ule mgongo ukanyooka. Sijawahi kuona mgongo ukinyooka namna ile. Dereva wa bodaboda aliyekuwa anapita akasimama, akazima pikipiki, akakunja mikono kifuani kama aliyekata tiketi.

"Mwambie mkwe wangu," akasema mama mkwe taratibu, "alipokuja kulima kwangu, jembe nilimpa mimi. Lilikuwa kali. Hakusema lina ukali uliozidi. Alilima."

"Anasema jembe lilikuwa kali lakini..."

"Nimesikia."

"Mimi nafikisha tu. Na kwa kweli, mama, mimi niko upande wako. Giaboksi inayolia inataka kitu kizito."

"Hukuulizwa," tukasema mimi na mama mkwe kwa pamoja, na hilo, katika ndoa yangu yote, lilikuwa neno la kwanza tulilolisema sote wawili.

Nilichuchumaa pale nikijua kwamba nikifungua mdomo tena na neno lisipokuwa sahihi, nitakosa mke au nitakosa gari, na kwa biashara yangu anayekosa kimoja hukosa na kingine. Kueleza mambo ya GL-4 kwa mgongo wa mama ulionyooka ni kazi ambayo masomo ya jioni hayakunipa. Juu yetu ulikuwa mkorosho. Maganda ya korosho za mwaka uliopita yalikuwa yamezagaa chini, yamekanyagwa pamoja na nati na vipande vya beringi. Nikaokota moja.

"Fundi, muulize mama, akibangua korosho, utomvu wa ganda unamfanya nini?"

Fundi, mtu wa ziwa, alisahau ujumbe. "Kwani ganda lina utomvu?"

Mama mkwe anaweza kuvumilia matusi, ila mtu mzima asiyejua korosho ni jambo lililomshinda. Akageuka robo. "Mwanangu, wewe una muda gani Mtwara? Unaunguza. Ukikugusa mkono, ngozi inabambuka. Sisi tunapaka majivu ndipo tunabangua."

"Kumbe sumu!"

"Nani amesema sumu? Nguzo za nyumba yangu zote zimepakwa huo. Mchwa wa Kitaya wameila nyumba ya jirani mpaka imebaki mlango. Yangu hawaijui hata jina."

"Fundi," nikasema haraka kabla mgongo haujarudi mahali pake, "mwambie mama kwamba mafuta aliyoleta ni utomvu huo. Ni dawa ya nguzo. Lakini hapa alipotaka tuyatie pana ngozi. Ni ringi za shaba, laini, na zimeshaanza kubambuka. Aitazame hii beseni."

Fundi safari hii hakufupisha. Alibeba beseni akaenda akaiweka mbele ya mama mkwe, upande wa barabarani, ili aione bila kuniona. Mama mkwe akachovya kidole. Akakisugua kwa kidole gumba, akakiinua kwenye jua. Kilikuwa kinang'aa.

Alikigeuzageuza kidole kile muda ambao bodaboda aliyesimama alipata na kupoteza mteja. Mwishowe akasema:

"Muulize. Gari hilo, nguzo zake ziko wapi?"

Niseme kweli, kama isingekuwa gereji ningelia. "Nyuma," nikasema, wala sikumsubiri fundi. "Kwenye difu. Lile boga la chuma katikati ya magurudumu ya nyuma. Pale ni meno makubwa yanakandamizana, na yanapenda mafuta haya haya."

"Muulize tena. Anayebeba mpunga wangu ni wa mbele au wa nyuma?"

"Wa nyuma, mama," fundi akajibu mwenyewe, kwa cheo chake kipya. "Wa mbele anapanga tu mwendo. Wa nyuma ndiye anasukuma."

"Basi mnyweshe wa nyuma. Huyo wa mbele mpeni chake, kama ngozi yake ni ya mtoto."

Tukamwaga ya zamani kutoka kwenye difu, tukamimina ya mama mkwe. Ilishuka kwa heshima zake, bila haraka, na sote tulisubiri. Bodaboda alihesabiwa kama ndugu wa familia alipokuwa anaondoka. Ilipofika usawa wa tundu la kujazia, fundi akaingiza kidole, akasema imetosha. Mama mkwe akauliza kwa nini dumu bado linasikika zito. Fundi akamweleza kwamba difu nayo ikishiba hutapika. Hilo alilielewa. Kisha nikachukua kopo langu la rangi ya asali nikalimimina kwenye giaboksi mwenyewe, kimyakimya, kama mtu anayemnywesha mgonjwa aliyesinzia.

Tukaondoka kwenda Kitaya, mimi mbele, yeye kiti cha nyuma, maana kabini ya pikapu yangu ina viti safu mbili. Sikuwa nimefikiria jambo moja. Mke wangu alikuwa gengeni, fundi alibaki gerejini. Kwa mara ya kwanza tulikuwa wawili tu, na hakukuwa na mtu wa katikati.

Tulipita mikorosho, tukapita mihogo, tukapita watu waliotupungia mkono, na kila mmoja wetu akawapungia wa upande wake. Niligeuza kioo cha ndani kikatazama paa ili tusije tukakutana humo. Gia zilikuwa zinaingia, lakini nilikuwa sijaidai namba mbili kwa nguvu bado. Shaba iliyokwisha kulika hairudi. Oili nzuri huizuia iliyobaki isiondoke, na hakuna aliyeniambia iliyobaki ni kiasi gani.

Kitaya tulipakia mpunga. Niliomba magunia yasizidi. Ombi langu lilipelekwa na binamu wa mke wangu, likarudi na magunia zaidi, maboga, mkungu wa ndizi na bata mwenye hasira. Springi za nyuma ziliinama kama zinasali. Tukaanza kurudi, na mbele yetu ukasimama mlima wa kutokea bondeni.

Namba tatu ilianza kuchoka katikati ya mlima. Pale hakuna mjadala, ni kushuka mbili, tena upesi. Mbili ikikataa, gari linasimama, na likisimama na mzigo ule, linarudi nyuma, na nyuma kulikuwa na bonde, na bonde lina mto, na ng'ambo ya mto ni nchi ya watu. Niliona tutafika Msumbiji na mama mkwe, mpunga na bata, bila pasipoti. Nikakanyaga klachi. Mkono ukafika kwenye gia, ukasita.

"Gari," akasema mama mkwe nyuma yangu.

Alikuwa analisemesha gari. Alikuwa amempata mjumbe.

"Gari, mbona unasita?"

Nikajibu: "Gari linasema linaogopa kulia mbele za watu."

"Gari liambiwe, mimi sikukubali mafuta yangu yaende nyuma mbele ya yule kijana wa pikipiki ili lenyewe libaki hapa linatetemeka. Liingize."

Nikaingiza. Ilipita. Haikulia wala haikukwaruza, ilipita kama mkono unaoingia kwenye shati lililovaliwa miaka. Pikapu ikajikusanya, ikaanza kupanda, taratibu, kwa pumzi ya mtu mzima. Nilisikia kitu kimoja tu, nacho ni bata.

Juu kabisa nikasimama injini ipoe. Mama mkwe akashuka. Akazunguka nyuma, akainama, akanyoosha mkono akasogeza kiganja karibu na difu bila kuigusa. "Pana joto," akasema. "Panafanya kazi." Kisha akaja mpaka usawa wa mlango wangu. Nikatazama usukani. Yeye alitazama boneti, akaipiga kofi jepesi, namna ya mtu anayempiga mkwe begani kama angeruhusiwa.

"Gari, utakaa miaka mingapi?"

Nilifikiria zile ringi. Nilifikiria sumaku, na ndevu nitakazozikuta humo nikifungua tena. "Linasema halijui, mama. Linasema likibadilishiwa mafuta kwa wakati wake, na kila mahali likapewa ya mahali hapo, linaweza kutuzika wengi."

"Lisinizike mimi," akasema mama mkwe, akarudi kwenye kiti chake akafunga mlango. "Liambiwe kwamba mwakani nalima bonde lote."